Mkanda wa Bunduki ya Marisau na Bega Linaloubeba

Bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ile ambayo wengi huiita shotigani, huwa na uzito wa kilo 3 hadi 3.6 ikiwa ni ya geji 12. Si uzito wa kutisha. Wapo watoto wa shule wanaobeba mabegi mazito zaidi. Ila begi lina mikanda miwili mipana na hulala mgongoni, ilhali bunduki huning'inia upande mmoja tu, tena na mtutu wa sentimita 71 au 76 unaotaka kuyumba kila mguu unapokanyaga. Mwindaji wa ndege hutembea kwa saa kadhaa ili afyatue kwa sekunde chache. Kwa siku nzima ya porini, mkanda hufanya kazi muda mrefu kuliko kilimi, na bado ndicho kifaa kinachonunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki.

Hesabu ya bega ni nyepesi. Mikanda mingi ya bei nafuu ina upana wa sentimita 2.5 kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu huo ndio upana wa pete za kawaida za bunduki za kuwindia. Mkanda wa namna hiyo ukigusa bega kwa urefu wa sentimita 12, hukalia sentimita 30 za mraba. Bunduki ya kilo 3.4 basi hukandamiza takriban gramu 113 juu ya kila sentimita ya mraba. Mkanda wa sentimita 5 huushusha mzigo huo hadi gramu 57 hivi. Hata hivyo nusu hiyo hupatikana kwenye karatasi tu kama mkanda ni mgumu. Bega halijanyooka kama meza: lina mteremko kutoka shingoni na mfupa wa mtulinga umejitokeza mbele. Ngozi nene isiyokunjika husimama juu ya mteremko huo kwa ukingo wake mmoja, na ukingo ndio unaokata. Mkanda mpana usiokubali kulala kwenye bega unaweza kuumiza kuliko mwembamba ulio laini.

Ndiyo maana umbo lililokubalika zaidi kwa wawindaji ni la mkanda uliotuna sehemu ya bega, sentimita 4 hadi 6, kisha ukapungua kuelekea ncha zote mbili. Wamarekani wameupa jina la nyoka swila, kwa kuwa umetuna kama shingo yake akikasirika. Sehemu iliyotuna haikai katikati ya bunduki. Bunduki ikitundikwa mdomo juu, bega huupokea mkanda karibu na pete ya mbele, hivyo sehemu hiyo pana lazima iwe upande huo. Ukifungwa kinyume, kama inavyotokea mara nyingi bunduki ikitoka kusafishwa, sehemu pana hushuka kiunoni isikohitajika na bega likaachiwa ncha nyembamba.

Baada ya upana huja mshiko, na hapa ndipo mikanda mingi mizuri kwa macho inaposhindwa. Mkanda unaoteleza humlazimisha mwindaji kuinua bega moja daima ili usianguke, na msuli ulio kati ya shingo na bega huchoka kwa kazi hiyo kabla haujachoshwa na uzito wenyewe. Nailoni tupu juu ya koti la turubai lililopakwa nta huteleza kama kambale mkononi. Ngozi iliyogeuzwa, upande wa nyama ukiwa chini, hushika vizuri. Vivyo hivyo vipande vya mpira vilivyoshonwa chini ya mkanda. Neopreni, yaani ule mpira laini wa nguo za wapiga mbizi, hushika na haidhuriwi na maji, jambo linalowafaa wawindaji wa bata wanaosimama kwenye matope. Kasoro yake ni kuvutika. Mpira unaovutika kidogo hupunguza mshtuko wa hatua. Unaovutika sana huifanya bunduki idunde juu na chini, na kitako kigonge nyonga njia nzima.

Ngozi ina tabia yake. Ikilowa hurefuka, ikikauka hukakamaa, na jasho lenye chumvi hula uzi wa mshono kabla halijaigusa ngozi yenyewe. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti na kupakwa mafuta kidogo hudumu miaka mingi. Ikizidishiwa mafuta hulegea na mashimo ya bizimu hupanuka. Turubai la pamba halina uzuri wa kuonyeshana, lakini hushika bega, hukunjika bila ubishi na halina mlio. Kimya hicho kina thamani. Ndege wengi hutambua upesi sauti ya chuma kugonga chuma, na pete iliyolegea hutoa mlio huo kila hatua.

Mahali pa pete ya mbele ndipo fundi anapojulikana. Uzito wa bunduki ya kukunja yenye mitutu miwili hukutana karibu na bawaba inapokunjikia. Pete ikiwekwa karibu na hapo, bunduki iliyotundikwa hukosa utulivu: mwindaji akiinama kidogo, mdomo hupinduka nyuma au pembeni. Ikipelekwa mbele zaidi kwenye mtutu, kitako huvuta chini na bunduki husimama wima mgongoni. Lakini ikipelekwa mbele mno, bunduki yote hushuka na kitako huanza kupiga nyuma ya paja. Kwa hiyo mafundi huilehemu chini ya mitutu, mbele ya ubao ambao mkono wa kushoto huushika. Sababu ya pili ya kuepuka ubao huo ni vidole: bunduki inapopiga teke, pete iliyo chini ya kiganja huja nayo.

Kwa bunduki za pampu hakuna mjadala. Ubao wa mbele wa Remington 870, iliyoingia sokoni mwaka 1950, huvutwa nyuma na kusukumwa mbele kila baada ya kufyatua, kwa hiyo hauwezi kubeba mkanda. Pete huwekwa kwenye kifuniko cha bomba la risasi lililo chini ya mtutu. Pete ya nyuma, kwa bunduki nyingi, hufungwa kwa skrubu chini ya kitako, sentimita chache kutoka mwisho wake.

Waingereza kwa jadi hawakuweka pete kabisa kwenye bunduki zao za ndege. Katika uwindaji wao wa mashambani, ndege hufukuzwa kuelekea kwa mpigaji aliyesimama, na mara nyingi yupo msaidizi wa kubeba na kujaza risasi. Wana hoja ya kiufundi pia: mkanda unaoning'inia huyumba mpigaji anapozungusha mitutu kumfuata ndege, na upepo huushika. Wafaransa na Wajerumani, waliozoea kutembea wenyewe milimani na misituni, waliweka pete tangu kiwandani. Mafundi wa mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, walitafuta suluhisho la kupatanisha pande mbili. Katika baadhi ya bunduki za Manufrance, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1885, mkanda ulifichwa ndani ya kitako ukiwa umeviringwa kwenye kigurudumu chenye springi. Mwindaji aliuvuta kupitia tundu lililo chini ya mbao, akaunasa mbele chini ya mitutu. Alipotaka kupiga aliunasua, nao ukarudi ndani wenyewe. Ni kazi ya kupendeza kuitazama. Bei yake ni kitako kilichotobolewa na mkanda ambao lazima uwe mwembamba ili uingie, yaani faraja ya bega ilitolewa sadaka kwa ajili ya unadhifu.

Njia rahisi zaidi ni mkanda wa kuvisha: kitanzi cha ngozi huzunguka mitutu, kingine hukumbatia kitako, na hakuna skrubu wala lehemu. Huvuliwa kwa sekunde chache mbwa anapoonyesha ndege. Bunduki ya zamani yenye thamani haitobolewi, na mkanda mmoja hutumika kwa bunduki mbili. Kinachohitaji uangalifu ni kitanzi cha mbele, ambacho kikilegea huteremka mtutuni na kuharibu usawa wote.

Urefu hupimwa kwa nguo zitakazovaliwa porini. Mkanda uliorekebishwa juu ya shati huwa mfupi juu ya koti zito, na kwapa ndilo linalolipa. Kipimo kinachofaa ni pale kitako kinapokaa juu kidogo ya nyonga na mkono kupita bila kukwama. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo, mdomo wa mtutu hupanda juu zaidi ya kichwa na kunasa matawi.

Mkanda haubadili sheria za usalama. Bunduki inayotundikwa begani hutolewa risasi kwanza, kwa sababu mwindaji akiinama kufunga kiatu, mdomo unaweza kumwelekea mtu aliye karibu naye. Kuitundika mdomo chini huzuia mvua, lakini mtutu ukigusa udongo na kuziba, risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Katika nchi za joto hesabu hubadilika kidogo. Tanzania, ambako kanga na kwale huwindwa kwa leseni, mwindaji huvaa shati jepesi badala ya koti, hivyo hakuna kitambaa kinene cha kugawanya mzigo, na kanga ni ndege wa kukimbia kabla ya kuruka, kwa hiyo umbali wa kutembea ni mrefu. Neopreni huhifadhi jasho chini yake na kuchubua ngozi ya bega. Kwa mazingira hayo, mkanda wa turubai la pamba wenye upana wa sentimita 5 begani, wa kuvisha na usio na chuma kinachogongana, ndio chaguo bora, na kwa kawaida bei yake ni ya chini kuliko ule wa ngozi.