Mkono Unaotetemeka

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, simu nyingi za Gisenyi na Goma zilikuwa zikirekodi. Video za usiku ule zinafanana: anga jekundu, lami, miguu ya watu, anga tena, na sauti za wanaoitana gizani. Aliyeziona hadanganyiki kirahisi na trela za zile filamu za kutisha zinazojidai kuwa mkanda uliookotwa. Anajua mkono wenye hofu unavyotetemeka. Na bado zipo trela chache zinazomshinda, kwa sababu watengenezaji wake nao walijua kwamba anayekimbia hana muda wa kulenga kamera.

Trela ya The Blair Witch Project, ya 1999, ndiyo ninayoirudia. Inafungua kwa maandishi makavu kama tangazo la polisi: Oktoba 1994 wanafunzi watatu walipotelea msituni Maryland, mwaka mmoja baadaye mikanda yao ikapatikana. Hapo mwisho umeshatolewa bure. Hatuulizi tena kama watapona, tunauliza kimewapata nini, na swali hilo ndilo linalouza tiketi. Kisha giza, pumzi, kilio, na uso wa Heather Donahue, mmoja wa hao watatu, uliokatwa vibaya na kamera: jicho, pua, ukingo wa kofia. Anajirekodi mwenyewe na amejikosa. Nimeutazama mkato huo mara nyingi kuliko inavyomstahili mtu mzima. Uso ungekaa katikati ya picha, tungehisi mpiga picha mtulivu upande wa pili, na palipo na mtu mtulivu hatari imepungua. Muziki nao umezuiliwa. Muziki hutuambia lini tuogope. Ukiondolewa, sikio linaanza kutafuta lenyewe, na kila kijiti kinachovunjika kinakuwa mtu.

Trela ya kwanza ya Cloverfield, 2007, haikutaja hata jina la filamu: sherehe ya kumuaga rafiki, mlipuko, kichwa cha Sanamu ya Uhuru kikibingirika barabarani, na tarehe ya kutoka kwa filamu. Basi.

Paranormal Activity ikaenda kinyume. Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa dola 15,000 hivi, na kamera yake ya chumbani haitikisiki kabisa. Imesimama, watu wamelala, saa inakimbia pembeni mwa picha, mlango uko wazi. Jicho linazurura lenyewe, shuka, ukuta, mlango, likimfanyia mwongozaji kazi yake. Sehemu ile ya trela ya 2009 inayoonyesha watazamaji wakiruka vitini naiheshimu kidogo tu. Ni ujanja wa muuzaji, japo ulifaulu.

Kipimo changu cha mwisho cha trela kama hizi ni cha hapa Rwanda. Tumezoea agasobanuye, filamu zinazosimuliwa juu kwa juu kwa Kinyarwanda, na Nkusi Thomas, yaani Yanga, aliyefariki 2022, alikuwa bingwa wake. Filamu ya ngumi aliweza kuigeuza kichekesho kilichoishinda yenyewe. Lakini sekunde zile za giza za Blair Witch zingemtia mtegoni: anyamaze, jambo lisilokuwa kawaida yake, au atie neno moja tu na ukumbi mzima uangue kicheko.