Kusema Bila Kuvunja Heshima: Ufundi wa Mshauri Nasaha Kisii na Nyamira

Kumfundisha mteja kusema msimamo wake bila woga na bila ukali ni sehemu ya tiba ya mazungumzo, na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Anayehitaji stadi hiyo mara nyingi haji akilalamika kwamba hawezi kukataa. Huja na kichwa kinachouma kila jioni, usingizi uliopotea, au tumbo ambalo maabara haioni kasoro yake. Mshauri nasaha aliyeiva husikiliza malalamiko hayo bila haraka, mpaka yafike kwenye neno ambalo mtu huyo amelimeza kwa miaka: deni la ndugu lisilodaiwa, mtoto wa jamaa aliyeletwa kulelewa bila mwenye nyumba kuulizwa, au bonasi ya majani chai iliyolipwa kwa namba ya mume, na mke aliyeyachuma hajui ilikwenda wapi.

Mbinu yenyewe haina umri mkubwa. Andrew Salter aliiandika huko Marekani mwaka 1949. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg, akaipa msingi wa tiba katika kitabu chake cha 1958: hofu na kujieleza waziwazi havikai pamoja, na kila mtu anapotamka linalomkera, hofu humlegea kidogo. Mwaka 1970 Robert Alberti na Michael Emmons waliwaandikia wasomaji wa kawaida, wakisisitiza kwamba kutetea haki yako hakukupi ruhusa ya kukanyaga ya mwenzako. Manuel Smith, mwaka 1975, aliwafundisha wasomaji wake kurudia sentensi ileile kwa sauti tulivu mpaka anayeshinikiza achoke. Mafunzo ya aina hiyo kwa kiasi kikubwa yalitungwa kwa kuwatazama Wamarekani. Humtaka mteja amkazie mwenzake macho, aseme moja kwa moja, na aseme yeye mwenyewe.

Katika nyumba nyingi za Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, mambo hayo matatu ni utovu wa adabu. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alifanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1950, akarudi na wenzake katika miaka ya 1970. Kitabu chao cha 1994 kinaeleza akina mama waliokimbilia kilio cha mtoto mchanga na kumtuliza upesi, lakini ambao hawakumkazia macho wala kumchochea apige gumzo. Mtoto mwema alikuwa mtulivu na msikivu. Juu ya malezi hayo kuna chinsoni, kanuni za staha kati ya vizazi: baba haingii ovyo nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana hujitenga na baba mkwe kwa macho, kwa maneno na hata kwa mahali pa kukaa. Mengi yamelegea, hasa mjini, lakini mtu aliyelelewa hivyo, na kuambiwa shuleni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huinamisha macho kabla hajafikiri. Mshauri anayemwagiza mteja wa aina hiyo akamtazame baba mkwe usoni na kumweleza anachotaka amemfundisha kutukana, na mteja huyo huenda asirudi tena.

Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Tuseme mjane anashinikizwa na shemeji yake atie sahihi karatasi ya kuachia kipande cha shamba la marehemu. Ardhi ya Gusii imegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi ikawa vipande vidogo, na kipande hicho ndicho chakula cha watoto. Mshauri haanzi na shemeji. Huanza na jambo dogo lisilo na ukoo: kumdai makanga chenji, au kumwambia mnunuzi wa ndizi pale soko la Daraja Mbili kwamba bei haipungui. Mteja akishaona kwamba amekataa na hakuna kilichoporomoka, hupanda ngazi inayofuata.

Kisha huja igizo. Mshauri anakuwa shemeji, anaingia, anaweka karatasi mezani. Jibu la kwanza la mjane kwa kawaida ni, “Mimi sijui, nyinyi ndio wakubwa.” La pili hupasuka kwa hasira na machozi. Mshauri haharakishi kusahihisha. Anatazama vidole vinavyosokota pindo la leso, anasikia sauti inavyozama mwishoni mwa sentensi, anahesabu mara ambazo mama ameomba radhi kwa kosa asilolitenda. Wanabadilishana nafasi: sasa mjane ndiye shemeji, na mshauri anajibu kwa maneno ya mjane mwenyewe yaliyopunguzwa hadi yakabaki haya: “Shemeji, nimekusikia. Karatasi hiyo sitaitia sahihi kabla mahakama haijamaliza mambo ya urithi.” Macho yanaweza kubaki chini. Salamu inatangulia, chai inamiminwa, heshima yote inabaki mahali pake, na sahihi haipatikani. Akishinikizwa tena, anarudia palepale alipoishia, bila kuongeza sababu, kwa kuwa kila sababu mpya humpa shemeji mahali pa kushika.

Wakati mwingine njia bora ni mjumbe. Shangazi au mzee anayeheshimika hupelekwa kwa baba mkwe, kama ilivyozoeleka. Anayefuata vitabu bila kutazama mahali atasema huko ni kukwepa. Si kweli, maadamu neno limefika zima na ni la mteja mwenyewe. Kwa hiyo mshauri humfanyisha mteja mazoezi ya kumtuma mjumbe: aseme nini, asiahidi nini, alete jibu lini.

Kuna mahali ambapo neno halipunguzwi. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, lakini katika kaunti hizi mbili bado unafanywa, wakati mwingine na wahudumu wa afya kwa siri, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huwa ya hatari. Mama anayepanga kukataa hukabiliwa na mama mkwe, na pengine na majirani wenye kejeli. Mshauri humwandalia sentensi isiyo na mlango wa nyuma: “Mama, mtoto wangu hatakatwa.” Humweleza pia kwamba sheria hiyohiyo inamwadhibu anayemtusi mwanamke kwa kuwa hakukeketwa. Anayejua sheria iko upande wake hahitaji kelele nyingi.

Wanaume nao wamo. Mwalimu kijana anayesomesha wadogo zake wote huku akidaiwa na kila chama anahitaji mafunzo yaleyale, ingawa huchelewa kuyaomba.

Uamuzi mzito kuliko yote ni wa kujua lini mteja asiseme. Kwa mwanamke anayepigwa, ujasiri wa ghafla nyumbani unaweza kumgharimu uhai. Kabla ya igizo lolote mshauri huuliza: nani yuko nyumbani usiku, kuna silaha, utalala wapi ukifukuzwa? Majibu yakitisha, mazoezi yanahamia kwingine, ili mteja ajifunze kulieleza jambo lake kwa ukamilifu hospitalini, kwenye dawati la jinsia la polisi, au kwa simu. Ukimya wake nyumbani ni ulinzi mpaka apate mahali salama, na mshauri anayeuheshimu ukimya huo anastahili sifa sawa na anayeuvunja.

Mafanikio hayapimwi kwa kuwa shemeji amekubali. Hupimwa kwa kuwa mteja amesema alichokusudia, na usiku ule akalala. Nchini Kenya anayekabiliwa na ukatili wa kijinsia anaweza kupiga 1195, na mtoto 116, bila malipo.