Kabla ya kisu kugusa mgongo

Mtoto wa bonde la Semliki akilegea miguu ndani ya siku chache na mkojo ukagoma, ndugu huuliza: apasuliwe wapi? Goma, au Kampala kupitia mpaka wa Kasindi? Mimi ningeuliza kwanza ni uvimbe gani, maana upasuaji wa mgongo huweza kudhuru swali hilo lisipoulizwa.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe unaofumua taya za watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi Johannesburg na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakiulizia hospitali kwa hospitali. Walikuta kwamba karibu na ikweta uvimbe huo ni nadra juu ya mita 1,500 hivi. Karibu na bonde la Semliki, mji wa Butembo uko juu ya kiwango hicho, wa Beni uko chini. Lakini mgonjwa hupanda gari, kwa hiyo aulizwe alikokulia, si alikolazwa.

Uvimbe huo huingia pia kwenye mfereji wa uti wa mgongo na kuubana ugwe wa neva. Mpasuaji akiondoa matao ya nyuma ya pingili ili kuufikia, mtoto anayekua anaweza kubaki na kibiongo, na kidonda kibichi huchelewesha dawa. Na uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Burkitt, licha ya kuwa mtu wa kisu, aligeukia dawa za methotreksati na saiklofosfamidi. Uvimbe ulinywea upesi. Dawa ikiwahi, hata aliyepooza huweza kusimama tena.

Kazi yenyewe ni ya subira. Sindano huchukua sampuli kwenye taya au tumbo, palipo rahisi kufikiwa, na mgongo huachwa. Maji hutangulia dawa, na mkojo hupimwa, kwa sababu seli zikifa kwa mkupuo taka zake huziba figo.

Kifua kikuu cha mgongo nacho hudanganya. Hula pingili upande wa mbele. Anayekata nyuma tu huondoa nguzo iliyobaki.

Uvimbe unaohitaji kisu kweli upo. Huo hudai picha ya eksirei mezani, pingili zihesabiwe upya kabla ya kukata, tumbo la mgonjwa lining'inie bila kubanwa ili mishipa isivuje sana, na utando wa ugwe ushonwe usipitishe maji.