Shubiri ya Ng'ombe

Mama zetu wakitaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto huja mbio kama kawaida yake, akaonja, akakunja uso, kisha akamtazama mama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa. Hakuchapwa wala hakukemewa. Anachojua ni kwamba ziwa limegeuka. Atalijaribu tena siku mbili tatu, na akilikuta chungu vilevile ataliacha, huku mapenzi yake kwa mama yakibaki palepale.

Niliikumbuka shubiri hiyo niliposoma habari za ng'ombe wa jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Kwenye malisho ya milimani kule huchanua delfiniamu, ua la zambarau ambalo mtu angetamani kulipanda mbele ya nyumba yake. Ndani yake mna sumu inayokata amri za neva zisiifikie misuli. Ng'ombe akila nyingi kwa pupa, miguu hulegea, huanguka, tumbo hujaa gesi na pumzi humwishia hapohapo. Kondoo huistahimili zaidi, hata wako wafugaji wanaowatanguliza kondoo waipunguze kabla ng'ombe hawajapanda. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini delfiniamu ni mwalimu anayemuua mwanafunzi katika somo la kwanza.

Katika mji wa Logan kuna maabara ya serikali ya kuchunguza mimea yenye sumu, na huko Michael Ralphs na wenzake waliufanyia kazi kwa miaka mingi ufundi wa kumchukiza ng'ombe ua hilo kabla halijamuua. Ng'ombe huwekwa zizini akiwa na njaa kiasi, akaletewa delfiniamu mbichi iliyokatwa. Anakula kidogo. Hapo hupitishwa mpira mdomoni hadi tumboni, akamiminiwa maji yenye kloridi ya lithiamu, chumvi fulani, kwa kipimo cha miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtamba wa kilo 300 hupata gramu 60. Kwa kipimo hicho hafi, ila huchafukwa na tumbo, akainamisha kichwa asitake kula. Kesho yake huletewa ua lilelile. Akilinusa na kugeuza shingo, amefuzu. Akithubutu kuonja, mpira unamsubiri.

Ustadi wenyewe umo katika mambo madogo. Mmea ule uwe mgeni kinywani mwake, kwa maana chakula alichokizoea miaka yote bila madhara hatakishuku upesi. Na siku hiyo asipewe kingine kigeni, asije akakilaumu hicho, akarudi malishoni anaogopa majani mema na kuikimbilia sumu.

Kwa nini tumbo, na si fimbo? Jibu lilianza kwa panya. Katika miaka ya 1950 Mmarekani John Garcia aliwanywesha panya maji matamu huku wakipigwa mionzi iliyowaumiza matumbo, nao baadaye wakayakataa maji matamu. Mwaka 1966, akiwa na Robert Koelling, alionyesha kwamba panya aliyechafukwa na tumbo huilaumu ladha, hata kama alipokuwa akinywa kulikuwa na mwanga na mlio. Aliyepigwa shoti ya umeme huuogopa huo mwanga na mlio, na ladha haimshughulishi. Kila maumivu yana mshitakiwa wake.

Laiti ningalijua hayo nilipokuwa nachunga ng'ombe wa mjomba likizo za shule! Niliwachapa kila walipoingia kwenye mahindi ya jirani, na bakora zangu ziliwafundisha kutazama kwanza niko wapi. Nikisinzia tu chini ya mti, wameshaingia.

Mtu ataniambia huu ni ulaghai: ng'ombe ameaminishwa kwamba ua limemdhuru, kumbe ni lithiamu. Ni kweli. Ila ua hilo lina hatia, hajasingiziwa asiye na kosa. Fundi ameyaleta leo maumivu ya kesho, yakiwa yamepunguzwa, kisha akajificha asilaumiwe wala asishukuriwe. Mimi ufundi wa aina hiyo nauheshimu kuliko ule wa kumwaga dawa ya magugu mlima mzima.

Unao udhaifu wake, na udhaifu huo ni marafiki. Ng'ombe aliyefunzwa akichanganywa na wasiofunzwa huwaona wakitafuna lile ua bila wasiwasi. Naye huchuma jani moja. Tumbo limetulia. Huchuma la pili, na mpira wa lithiamu haupo tena wa kumkumbusha. Haichukui muda mrefu somo lote likafutika, amerejea kuwa kama wao. Waliotengwa na kulishwa peke yao waliendelea kulikwepa hadi mwaka wa 3. Kwa hiyo anayeutaka ufundi huu ajue kwamba chumvi peke yake haitoshi. Anunue na waya wa uzio, na lango alifunge mwenyewe.

Kwetu nako, mtoto aliyeonja shubiri mara nyingi hupelekwa kwa bibi yake kwa wiki kadhaa, hasa ikiwa nyumbani kuna mchanga anayenyonya.