Kitabu cha Skauti na Kibanda Chake

Kitabu tunachokipima mwezi huu ni The Radioactive Boy Scout, yaani Skauti Mwenye Mionzi, kilichoandikwa na Ken Silverstein wa Marekani na kutolewa mwaka 2004. Habari yake ni ya kweli, nayo yawahusu wazazi kuliko wataalamu.

David Hahn alikuwa kijana wa jimbo la Michigan. Mwaka 1991 alipata beji ya skauti ya nguvu za atomi, lakini hakutosheka. Katika kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake akaanza kukusanya vitu vyenye mionzi, yaani nguvu isiyoonekana kwa macho, ambayo ikizidi huharibu damu na mifupa. Hakuvichimba mgodini. Amerisiamu aliipata katika vyombo vinusavyo moshi na kupiga kengele nyumba ikiungua. Thoriamu katika vifuko vyeupe viwakavyo ndani ya taa za karabai. Radiamu katika rangi ya saa za zamani zing'aazo gizani. Alipokwama aliwaandikia wataalamu barua, akijifanya mwalimu wa fizikia, nao wakamjibu. Hata siku moja kipimo chake kikamwonyesha kwamba mionzi imekwisha kuvuka nyumba kadhaa, akaogopa. Mwaka 1994 polisi wakamkamata. Mwaka 1995 serikali ikakivunja kibanda, ikakitia katika mapipa 39, ikakizika katika jangwa la Utah.

Twamsifu mwandishi kwa kuwa hakumfanya kijana kuwa shujaa wala mwovu. Pia asema wazi kwamba kijitabu cha skauti kiliisifu atomi pasipo kueleza hatari zake vya kutosha. Lakini jina refu la kitabu latangaza kinu cha nyuklia, na hapo amepita kiasi. Kinu cha kweli hakikuwako. Palikuwako mchanganyiko wenye sumu. Mtu asome kwa uangalifu, asije akadhani kwamba mtoto aweza kujenga kinu kwa vitu vya dukani.

Hata hivyo, jambo kubwa la kitabu hiki limo katika sehemu ndogo, nasi twaona mwandishi amelipita upesi mno. Mama na mwenzake walimwona kijana akivaa kifuniko cha uso kibandani, akifanya kazi hata usiku wa manane, na mara nyingine akizitupa nguo zake. Hawakuuliza. Walidhani hawaelewi kwa sababu elimu yao ni ndogo.

Maneno hayo yatuhusu. Hapa Nyakanazi, na katika vijiji vyote vya Biharamulo na Ngara, wako wazazi wengi ambao watoto wao wamewapita kwa kusoma, nao huona haya kuwauliza.

Labda mtu atasema kwamba mionzi ni mambo ya Marekani. Sivyo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika nchi ya Katanga, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Mgodi ulipokwisha kufungwa, maskini waliingia kuchimba kobalti kwa mikono. Januari 2004 serikali ya Kongo ikakataza. Julai mwaka huo huo shimo likaporomoka, likaua watu wanane. David alikuwa na kipimo, akaogopa kwa wakati. Wale walikuwa na njaa tu. Hata kwetu wako vijana wanaochimba dhahabu na kuleta nyumbani mawe wasiyoyajua.

Hatusemi kwamba taa ya karabai itupwe. Kifuko kimoja hakiui mtu. Hatari ilitoka katika kukusanya vingi na kuvichoma ili kutafuta kiini chake. Wala hatusemi mtoto anyang'anywe vitabu. Kiu ya David ilikuwa njema. Alikosa mtu mzima wa kuketi naye.

Basi, anayejua Kiingereza na akisome kitabu hiki, awasimulie wasiojua. Na mzazi asiyejua hata herufi moja na akumbuke kwamba kuuliza hakuhitaji shule: Mwanangu, wafanya nini humo? Kitu hiki umekitoa wapi? Nani amekufundisha? Mtoto asipoweza kujibu, na apelekwe kwa mwalimu kabla hajarudi kibandani.