Filamu Husikilizwa Pia

Usiku wa manane, wanaume wawili wamejibanza juu ya paa la gereza la Montluc, mjini Lyon. Kutoka chini unapanda mlio mwembamba, kama wa chuma kinachosagana na chuma. Unakuja, unafifia, unapotea, kisha unarudi. Wao hawajui ni mlio wa kitu gani, na sisi tunaowatazama hatujui vilevile. Muda unakwenda, mlio unazidi kurudi, mpaka mmoja wao anajivuta hadi ukingoni na kuchungulia. Ni askari wa zamu, anazunguka na baiskeli ambayo haijatiwa mafuta siku nyingi.

Filamu hiyo ni Un condamné à mort s'est échappé, ya Mfaransa Robert Bresson, iliyotoka mwaka 1956. Nimeitazama karibuni pamoja na nyingine chache, baadhi mpya na baadhi kongwe. Mimi si mhakiki wala sijasomea sinema. Natazama kama watazamavyo watu wengi, jioni baada ya kazi au mwisho wa juma nyumba ikitulia. Lakini katika filamu hizi zote nimejikuta nikivutwa na watu ambao majina yao hupita mwishoni wakati ukumbi umeshaanza kuwa mtupu, yaani mafundi wa sauti. Nimefikia kuamini kwamba filamu ikikushika moyo, mara nyingi imekushika kwanza sikio.

Bresson alikichukua kisa chake katika kumbukumbu za André Devigny, mpiganaji aliyetoroka Montluc mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani. Katika filamu mfungwa anaitwa Fontaine. Ana chumba kidogo, mlango wa mbao na kijiko cha chuma ambacho anakinoa sakafuni mpaka kinakuwa patasi. Haoni mengi, kwa hiyo dunia yake yote inamfikia kwa masikio: ufunguo ambao mlinzi anaukwaruza kwenye vyuma vya ngazi, viatu kwenye ujia, kikohozi cha jirani, treni kwa mbali, na siku nyingine mfululizo wa risasi. Wanaopigwa risasi hatuwaoni. Siku Fontaine anapolazimika kumuua askari, kamera inabaki kwenye kona ya ukuta, inasubiri. Nimeona mauaji mengi kwenye sinema, yenye damu ya kila rangi, na machache sana yameniumiza kama ule ukuta mtupu.

Jambo lililonifanya nisimamishe filamu na kuirudia ni lile la kokoto. Paa la gereza limetandazwa kokoto, na kila hatua inalia. Fontaine na kijana aliye naye wanangoja treni ipite, kisha chini ya kishindo chake wanasogea hatua kadhaa. Treni ikiisha wanaganda. Baada ya muda mfupi na wewe uliyekaa sebuleni unaanza kuingoja treni. Hakuna mtu aliyekueleza kwamba kuna hatari, wala hakuna ngoma inayopigwa ili uogope. Fundi amekufundisha kusikiliza kama mfungwa, na tangu hapo kila kishindo kidogo kina uzito wa maisha ya mtu.

Miaka 67 baadaye, mwaka 2023, Mwingereza Jonathan Glazer alitoa The Zone of Interest. Kwa macho tu ni filamu ya familia yenye neema: baba anakwenda kazini, mama anatunza maua, watoto wanaogelea kwenye kibwawa cha bustanini. Baba huyo ni Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya Auschwitz, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Hakuna picha hata moja ya mtu akiuawa. Kuna mvumo wa tanuri usiokoma, mchana na usiku, mbwa, mlio wa bunduki, na sauti za watu zinazofika zimekatika, hujui kama ni kilio au amri. Mtoto anacheza chumbani na mvumo uko pale. Wageni wanakunywa chai na mvumo uko pale.

Johnnie Burn, aliyeisanifu sauti hiyo, alianza kwa kusoma ushahidi wa walionusurika, kisha akajijengea hazina ya sauti: mashine, silaha za wakati ule, makelele ya watu kutoka mitaani. Hakutaka kuwaajiri waigizaji wapige mayowe studioni, na ukisikiliza unaelewa sababu. Yowe la kuigiza lingeigeuza kambi kuwa mchezo. Kilichonigusa zaidi ni kipimo chake. Angeongeza sauti kidogo tu, filamu ingekuwa ya kutisha watu. Angeipunguza kidogo tu, tungezoea kama alivyozoea Hedwig, mke wa Höss, anayechuma maua huku akisikia yote. Burn amesimama katikati ya hapo kwa muda wa filamu nzima. Mama mzazi wa Hedwig anakuja kutembea, anaisifu nyumba, anaisifu bustani; usiku anaamka, anafunga pazia, na asubuhi hayupo. Tunamwelewa bila maneno, kwa sababu tumelala naye katika mvumo uleule. Mwaka 2024 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Oscar ya sauti, Burn akiipokea pamoja na Tarn Willers, na kwangu ni miongoni mwa tuzo chache ambazo hazina ubishi.

Siipendekezi kwa jioni ya kupumzika. Itazame ukiwa na nguvu.

Nyingine ni No Country for Old Men ya ndugu Coen, ya mwaka 2007: jambazi na mkoba wa fedha, hadithi tunayoijua. Muziki ndani yake ni mdogo mno, karibu haupo. Kuna usiku ambapo Moss, mtu aliye na mkoba huo, amekaa gizani katika chumba cha hoteli na bunduki mapajani. Hatua zinakuja kwenye ujia. Kivuli cha miguu kinasimama chini ya mlango, kisha kinaondoka. Halafu kunasikika mkwaruzo mdogo, na mwanga chini ya mlango unazimika: mtu ameilegeza balbu ya ujiani kwa kuizungusha. Filamu yenye violini wakati huo ingeufunika mkwaruzo ule, na hofu yote ingepotea. Mwongozaji anayejua kunyamazisha wanamuziki wake namwamini kwa moyo wote.

Baada ya hizo nilihitaji kitu cha kutuliza roho, nikaitazama Perfect Days ya Wim Wenders, ya 2023, kuhusu Hirayama, mzee anayesafisha vyoo vya umma jijini Tokyo. Kila alfajiri anaamshwa na ufagio wa mtu anayefagia barabara nje ya dirisha lake. Hana saa ya kengele, ufagio unamtosha. Anakunja godoro, anapiga mswaki, anamwagilia miche, anafunga mlango, anatazama juu angani. Ndani ya gari anachomeka kaseti, Lou Reed au Nina Simone, na karibu muziki wote wa filamu unatoka humo, katika gari lake, kwa kuchagua kwake. Kwa hiyo wimbo ukianza tunajua kitu kuhusu moyo wa mtu ambaye haongei. Koji Yakusho alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Cannes kwa uigizaji huu wenye maneno machache. Na namna Hirayama anavyosugua, anavyochukua kioo kidogo kukagua mahali ambako hakuna mteja atakayechungulia, ndiyo namna filamu yenyewe ilivyofanywa. Kati ya zote nilizozitaja, hii ndiyo nitakayoirudia kila mwaka.

Inafaa kujua sauti hizi zinapatikanaje, kwa sababu ukijua unazidi kuheshimu. Pale wanapopiga picha kuna mtu aliyeshika fimbo ndefu yenye maiki nchani, mikono juu, anaifuata midomo ya waigizaji bila kuruhusu kivuli chake kiingie kwenye picha. Maneno yakiisha, fundi mzuri huomba wote wanyamaze na kurekodi ukimya wa mahali pale, kwa maana hakuna chumba kisicho na sauti yake. Halafu studioni inaanza kazi nyingine: hatua, nguo, vikombe, milango, vyote vinafanywa upya na mtu anayetazama picha na kutembea sambamba nayo. Mmarekani Jack Foley aliianza kazi hiyo katika studio za Universal mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema ilipoanza kusema. Kwato za farasi unazozisikia huenda ni vifuu viwili vya nazi. Theluji inayokanyagwa ni wanga wa mahindi uliofungwa kwenye mfuko na kubinywa taratibu. Mtu mzima anakaa siku nzima akitafuta kiatu kinacholia kama kiatu cha mhusika mwenye huzuni, na akikipata hakuna mtazamaji atakayemjua.

Kwetu Tanzania sikio la watazamaji limekomaa siku nyingi. Tumelelewa na vibanda umiza, yaani mabanda ya video, ambako Lufufu alizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe na watu wakalipia kumsikia yeye kuliko waigizaji. Kenya wana DJ Afro, msimuliaji wa namna hiyohiyo. Likarion Wainaina aliielewa nguvu hiyo katika Supa Modo ya mwaka 2018, filamu ya Jo, mtoto mgonjwa asiye na siku nyingi, ambaye kijiji kizima kinaamua kumwonyesha kwamba ana nguvu za ajabu. Kuna banda la video humo, na kuna msimuliaji wake, na sauti yake inawaunganisha wanakijiji kabla hata picha haijawaka. Nililia, na ninaisifu bila kusita. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, nayo inajua kusikiliza. Watu wake wanasema Kiswahili cha Unguja kwa mwendo wa Unguja, na taarabu inapoingia hadithi inamsogelea mwimbaji badala ya kumpita.

Ndiyo maana inaniuma ninapotazama filamu zetu nyingine zenye hadithi nzuri na waigizaji wenye kipaji, na nashindwa kusikia wanachosema. Kinanda kinaanza na jina la filamu na hakinyamazi hadi mwisho. Sebule inarudisha mwangwi kwa sababu maiki ilikuwa juu ya kamera, mbali na mdomo. Mama akisema kuna pikipiki nje. Mwana akijibu pikipiki haipo. Mama akirudi ipo tena, kwa kuwa kila mmoja alirekodiwa kwa wakati wake na hakuna aliyerekodi ukimya wa sebule ile ili kuziba mapengo. Dawa ya mengi kati ya hayo si fedha nyingi. Ni maiki kusogezwa karibu, blanketi kutundikwa ukutani, jenereta kupelekwa mbali, na dakika moja ya watu wote kunyamaza.

Kwa hiyo nawaomba wanaotengeneza filamu zetu: kabla ya kukodi droni ya kupiga picha za bahari kutoka juu, mlipeni fundi wa sauti, mpeni siku za kutosha, na akisema turudie kwa sababu ndege imepita, rudieni. Nasi watazamaji, filamu ikiisha tusikimbilie mlango. Tukae tusome jina lake.