Hofu ya Gamboshi Ilivyosukwa

Gamboshi ni kijiji cha wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Watu wake ni wakulima na wafugaji kama Wanyantuzu wenzao (Wasukuma wa upande huo) wa vijiji jirani: pamba, mtama, mahindi, ng'ombe. Lakini litaje jina hilo Tanga au Mbeya, mbele ya mtu asiyewahi kukanyaga Usukumani, naye atakuwa na la kusema. Atakwambia hayo ndiyo makao makuu ya wachawi. Usiku, atasema, pale husimama jiji zima lenye maghorofa na barabara, taa zake zikionekana kutoka mbali, na kukipambazuka hubaki nyasi na miti. Ataongeza misukule inayolimishwa mashamba gizani, na nyungo zinazotua na kuruka.

Kama jiji hilo lipo au halipo, wengine wameshabishana vya kutosha. Mimi nataka kuutazama ufundi wake. Tanzania ina vijiji vingi vilivyowahi kuhusishwa na uchawi. Kwa nini hiki kikashinda vyote?

Tuanze na shahidi. Anayesimulia habari za Gamboshi kwa kawaida hatoki Gamboshi, na hata yeye hakuona. Aliyeona ni dereva fulani wa lori, au mwalimu fulani aliyepangiwa kazi kule akakimbia baada ya usiku wa kwanza. Hana jina ila ana kazi, na kazi hiyo imechaguliwa vizuri. Dereva anapita, mwalimu anahamishwa. Wote wawili wamefika kijijini kwa muda mfupi kiasi cha kushangaa, wasikae kiasi cha kuzoea. Kingine, hawawezi kuitwa waje waulizwe. Msikilizaji anaamini kwa sababu watu wa namna hiyo kweli husafiri na kweli huona mengi.

Kisha jiji lenyewe. Hapa ndipo ninapoona kipaji cha hali ya juu. Hadithi za kawaida za uchawi huko kwetu hujaa fisi, makaburi na pembe zenye dawa, vitu ambavyo kila kabila linavyo. Gamboshi imepewa taa. Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa wilaya ya pembezoni ya Shinyanga, na umeme ulichelewa sana kufika vijijini. Anayelijua giza la kijiji cha Usukumani usiku usio na mbalamwezi anajua taa moja huko ina uzito gani. Simulizi imechukua kile ambacho mahali pale pamekikosa kuliko vyote ikawapa wachawi. Ndani ya hofu imo tamaa, na hadithi yenye vyote viwili haichoshi kusimuliwa.

Kutoweka kwa jiji alfajiri kunafunga kazi. Ukienda mchana usione kitu, hujaipinga hadithi, umeithibitisha, maana ilishakwambia mapema kwamba hutaona. Ukienda usiku usione kitu, utaambiwa macho yako hayajafunguliwa. Hakuna safari inayoweza kuleta jibu la hapana. Mlango huo ulizibwa na watu wengi, kila msimuliaji akiongeza tofali lake pale alipoulizwa swali gumu.

Sasa linganisha na hadithi kongwe ya Wasukuma wenyewe, ile iliyosimuliwa shikomeni, kwenye moto wa wanaume uani, wavulana wakiwa wameuzunguka. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote duniani. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Anamzaa Masala Kulangwa, na kijana anapokua anauliza kwa nini wako wawili tu. Mama anamweleza. Kijana anaingia mawindoni. Anaua panzi, anarudi akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anamjibu kwa upole kuwa huyo ni panzi, wamchome wamle. Anarudi na ndege, kisha na swala, na kila mara jibu ni lile lile, mpaka siku anapokutana na zimwi lenyewe, analishinda, analipasua, na watu wanatoka hai.

Angalia fanani anavyofanya kazi. Zimwi halielezwi umbo wala sura. Ukubwa wake tunaupima kwa vile ambavyo si yeye: ni mkubwa kuliko panzi, kuliko ndege, kuliko swala. Kila mnyama anapanua nafasi tupu kichwani mwa mtoto anayesikiliza. Kibwagizo cha kijana kinapandisha taharuki, jibu la mama linaishusha kidogo, na hadhira inaimba pamoja ikijua kwamba bado.

Mbinu hii haikuishia bara. Askofu Edward Steere, aliyekusanya hadithi Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, alipata kisa cha Sultani Majnuni na paka wake aliyegeuka nunda mla watu. Mwanawe mdogo wa sultani anaua mbwa, anaendelea hadi twiga, kifaru na tembo, na kila mara mama anamwambia kuwa nunda bado. Tofauti ni kwamba Unguja tunamwona nunda akikua: anakula ndama, anakula mbuzi, na sultani anakataa kumwua kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Pale hofu ina chanzo, na chanzo ni uzembe wa mtawala. Shing'weng'we hana chanzo, tunamkuta ameshameza. Kwa kutisha, naona Wasukuma wamewazidi Waunguja.

Lakini mama yupo kote kuwili, na kwangu yeye ndiye nguzo. Kazi yake ni kukagua. Yeye anaijua hatari kuliko kijana, na hasa kwa sababu anaijua hakubali panzi aitwe zimwi. Simulizi ya Gamboshi imemwondoa mhusika huyo. Kila kinacholetwa, taa ya pikipiki mbali, mbwa anayebweka, mtoto aliyeugua ghafla, kinapokewa kuwa ndicho.

Kuna sehemu nyingine ambayo wasimuliaji wa sasa huiruka. Masala Kulangwa anapolipasua zimwi, kisu chake kinakata sikio la bibi kizee aliyekuwa ndani. Bibi anakasirika, anamtukana, anajaribu kumloga. Fanani ana nafasi nzuri ya kumfanya zimwi la pili, aipitishe hasira ya hadhira kwake. Haitumii. Kijana anatafuta dawa, anamtibu sikio. Baada ya hapo ndipo watu wanampa kiti cha utemi, na mama yake anapewa heshima yake pembeni mwa mwanawe. Uponyaji wa bibi umewekwa kabla ya utawala, na mpangilio huo una maana.

Nje ya hadithi, bibi hakutibiwa. Kati ya mwaka 1970 na 1984 serikali ilihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na Usukumani ndiko kulikoumia zaidi. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, katika nchi ambako kuni ni haba na mwanamke hupikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi ukimwingia machoni. Panzi aliitwa zimwi, na hakuwepo wa kusema bado.

Watu wa Gamboshi wamejaribu kuichukua nafasi hiyo ya mama wenyewe. Kwa miaka wamewaambia waandishi wa habari kwamba jina hilo linawaumiza, linafukuza watumishi na wageni. Tatizo ni mahali sauti yao inapowekwa. Kichwa cha habari kinasema wachawi, aya ya kwanza inawasha jiji, na mkulima anayekanusha anakuja chini kabisa, msomaji akiwa ameshafunga gazeti. Shikomeni mama alijibu papo hapo, wimbo wa kijana ukiwa bado masikioni.